Ungempigia nani kura Ujerumani ya 1932? Usijibu haraka

Uliza kundi lolote la vijana: ungekuwa Mjerumani mwaka wa 1932, ungempigia nani kura? Jibu litakuja mbio: "Yeyote, bora si Hitler!" Rahisi hivyo. Shida ni kwamba Julai mwaka huo Wajerumani zaidi ya milioni 13, karibu asilimia 37 ya waliopiga kura, walikichagua chama chake. Kwani wote walikuwa wazimu? La. Wengi walikuwa watu wa kawaida tu, wamesota na wamechoka.

Sisi tunajibu huku tumeshika majibu ya mtihani mkononi. Hebu tuucheze mchezo huu kwa haki. Sheria ni mbili. Kwanza, unaruhusiwa kujua tu kile ambacho mpiga kura wa siku hiyo angeweza kujua. Pili, hujichagulii maisha: umri, jinsia na mfuko wako utavikuta vikikungoja.

1907: Afrika debeni

Desemba 1906, bunge la Ujerumani, Reichstag, lilikataa kuongeza pesa za vita vya kikoloni katika nchi ambayo leo ni Namibia. Chansela Bülow hakubembeleza mtu. Bunge likavunjwa, uchaguzi ukaitishwa Januari 1907. Miaka hiyohiyo, hapa jirani Tanganyika, jeshi la Mjerumani lilikuwa likizima vita vya Maji Maji kwa kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Kwa hivyo suala kubwa la uchaguzi lilikuwa Afrika, na hakuna Mwafrika wa makoloni hayo aliyeulizwa lolote. Wanawake wa Kijerumani nao hawakuwa na kura hadi 1919. Wanaume walisubiri wafike miaka 25. Wewe msomaji wa miaka 21, ungekaa kando ukitazama wazee wakiamua.

Lakini tuseme wewe ni mwanamume wa miaka 30, fundi wa kiwandani Berlin. Serikali inakwambia anayepinga vita si mzalendo. SPD, chama cha wafanyakazi, kimekataa kulipia vita hivyo. Ungebaki nacho? Zaidi ya watu milioni 3 walibaki nacho, ingawa si wote kwa ajili ya Afrika. Kilipata kura nyingi kuliko chama kingine chochote, lakini viti vyake vikaporomoka kutoka 81 hadi 43. Mbona? Mipaka ya maeneo bunge haikuwa imerekebishwa ilhali watu walikuwa wamemiminika mijini, na katika duru ya pili vyama vingine viliungana kukiangusha.

1932: Kura ya kuzuia

Sasa ingia Aprili 1932. Ni duru ya pili ya uchaguzi wa rais, na una majina matatu mbele yako. Kuna Hindenburg, jenerali mzee wa miaka 84 ambaye moyo wake bado uko kwa mfalme aliyeondoka. Kuna Hitler. Kuna Thälmann, Mkomunisti. Mfuasi wa SPD, ambaye miaka saba awali alimpinga Hindenburg, sasa anaambiwa na chama chake ampigie mzee huyo ili Hitler asipite.

Ungefanyaje? Wengi waliziba pua wakampigia. Hindenburg akashinda kwa asilimia 53, Hitler akabaki na karibu 37. Watu wakapumua. Kisha Januari 30, 1933, Hindenburg huyohuyo akamteua Hitler kuwa Chansela.

Ni rahisi kuwacheka waliompigia. Lakini siku ile, ni nani mwingine angeweza kumzuia Hitler? Kura yao ilinunua miezi tisa hivi. Walioshika miezi hiyo ndio walioitapanya. SPD na Wakomunisti, ambao wote Hitler aliwaona kuwa maadui, walitumia nguvu nyingi kupigana wenyewe kwa wenyewe.

Halafu ikaja Julai, uchaguzi wa bunge. Mapema mwaka huo watu wasio na kazi walikuwa wamefika takriban milioni 6. Serikali ilikuwa imekata mishahara na misaada. Hitler anakuahidi kazi na mkate. Huna hata nauli. Utasema nini?

Hapa wengi hujitetea kwamba watu hawakujua. Kweli, hakuna mpiga kura wa 1932 aliyeona kambi za mauaji. Ila mpango wa chama cha Wanazi, uliotangazwa tangu 1920, ulisema waziwazi kwamba Myahudi hawezi kuwa raia. Genge lake la mashati ya kahawia lilipiga watu barabarani mchana kweupe. Aliyetaka kujua aliweza kujua. Lakini ukiwa na njaa, ni rahisi sana kujiambia: "Hayo ni maneno tu ya kampeni," ama "Mimi si Myahudi, hayanihusu."

1972: Nyanya hataki

Si kila uchaguzi ni wa shetani na malaika. Mwaka wa 1972, Ujerumani Magharibi iliwapa vijana wa kuanzia miaka 18 nafasi ya kwanza ya kuchagua bunge la taifa. Chansela Willy Brandt, aliyewakimbia Wanazi akiwa kijana mdogo, alikuwa ametia saini mikataba na Moscow na Warsaw. Mikataba hiyo ilimaanisha kukubali kwamba ardhi iliyoenda Poland baada ya vita ndiyo basi, haitarudi.

Kwako wewe wa miaka 18, hiyo ni amani. Kwa nyanya yako aliyefukuzwa kutoka huko mwaka wa 1945 na mkoba mmoja, hiyo ni nyumba yake imegawiwa wengine kwa kalamu. Ungempigia Brandt halafu uende kula chakula cha Jumapili kwake?

Asilimia 91 ya wapiga kura walijitokeza, kiwango ambacho nchi hiyo haijawahi kukifikia tena. Chama cha Brandt kiliongoza kwa asilimia 45.8 dhidi ya 44.9 za wapinzani. Ujerumani mbili zilipoungana mwaka wa 1990, mpaka ule ule ulithibitishwa.

Sentensi kwanza, majina baadaye

Wajerumani wenyewe wana mchezo unaofanana na huu. Unaitwa Wahl-O-Mat, na tangu 2002 huwekwa mtandaoni na taasisi ya serikali ya elimu ya uraia kabla ya uchaguzi. Unapewa sentensi kadhaa, siku hizi 38, kuhusu mambo kama kodi, shule na mazingira. Unakubali, unapinga ama unakaa katikati. Mwisho ndipo unaonyeshwa ni chama gani kilijibu kama wewe. Vijana wanaopiga kura mara ya kwanza hushiriki kuzitunga sentensi hizo.

Uzuri wake ni kwamba huoni sura, rangi wala wimbo wa kampeni. Lakini hauwezi kukwambia nani atatimiza ahadi, wala nani atamkabidhi nani madaraka baada ya kura kuhesabiwa. Hindenburg angepita kwenye sentensi nyingi tu.

Kwa hivyo kabla ya kura yako ijayo, jaribu hivi. Chukua karatasi, andika sababu zako za kumchagua mtu huyo. Chini yake andika jambo moja baya ambalo tayari unalijua kumhusu na umeamua kulipuuza. Weka tarehe, ukunje, ufiche. Miaka mitano baadaye ifungue. Hutaweza kusema hukujua.