Usiuziwe Tairi ya 2011 Ukidhani ni Mpya: Vile Wauzaji Hucheza na Akili Yako

Tairi ilipasuka tukiwa Kinungi, kwa ile mteremko ya kwenda Naivasha. Brathe yangu ndio alikuwa kwa usukani, mimi nimekaa mbele naye, mathe na watoto wawili wako nyuma. Ililia kama risasi, gari ikavuta kushoto, na brathe akapigana na usukani mpaka tukasimama kwa majani. Lori ingekuwa inakuja pale, saa hii singekuwa naandika hii stori. Mathe alinyamaza dakika kama kumi hivi, na ukimjua mathe utajua hiyo ni noma.

Sasa skia kitu iliniuma. Hizo tairi zilikuwa na wiki tano tu kwa gari. Brathe alizinunua zote nne kwa elfu kumi na nane hapa tao, na muuzaji akaapa ati ni mpya, hata nailoni hazijatolewa kitambo. Zilikuwa zinang'aa mpaka unajiona. Fundi wa pale Kinungi alichukua kitambaa akasugua ubavu wa ile imepasuka, akatuonyesha namba nne: 3811. Akasema tu, "Bosi, hii ni ya 2011." Na hiyo ilikuwa 2023.

Kwa hivyo kabla utume doo kwa till ya mtu, jua kusoma hizo namba. Tairi nyingi zimeandikwa herufi DOT kwa ubavu, halafu mfuatano wa herufi na namba. Wewe hizo zingine achana nazo, angalia namba nne za mwisho, mara nyingi ziko ndani ya kiduara kirefu kama yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3811 ni wiki ya 38 ya mwaka wa 2011, yaani Septemba. 0624 ni wiki ya sita ya 2024, Februari. Ukikuta namba tatu peke yake mahali pa nne, hiyo ni tairi ya kabla ya 2000, ipeleke nyumbani upande maua ndani.

Kuna kamchezo hapa. Hizo namba nne mara nyingi huwa upande mmoja tu wa tairi. Ukiangalia upande wa pili utaona DOT imeanza lakini mwisho wake haiko. Muuzaji mjanja anajua hivyo, kwa hivyo atakuwekea tairi kwa rimu huo upande ukiangalia ndani, chini ya gari. Nani atalala chini pale Kirinyaga Road na suruali ya kazi? Basi sema mapema: nataka kuona pande zote mbili kabla uifunge. Akianza kukuambia "hiyo namba ni ya kiwanda tu, haina maana," beba funguo zako uende.

Utaniuliza, kama haijawahi kutembea, umri unahusu nini? Tairi ni mpira, na mpira huzeeka hata ikikaa bila kufanya kitu. Hewa, joto na jua zinaikausha, inakuwa ngumu, inaanza kupasuka nyufa ndogo ndogo kwa ubavu na katikati ya meno. Na unajua vile tairi zetu hupangwa nje ya duka zikiota jua kuanzia asubuhi mpaka jioni. Michelin wenyewe wanasema ikishatumika miaka mitano ikaguliwe na fundi kila mwaka, na ikifika miaka kumi tangu itengenezwe itolewe, hata kama meno bado iko. Mimi nimejiwekea yangu kali zaidi: tairi mpya isipite miaka miwili tangu itengenezwe, na mtumba isipite mitano. Unaweza kuona nimezidisha, lakini wewe hukuwa Kinungi.

Halafu kuna hii maneno ya kung'aa. Kung'aa si upya. Kuna dawa ya kupaka ambayo inafanya hata tairi ya trekta ya guka yako ikae kama imetoka kiwandani leo. Chukua kitambaa ama tishu, sugua. Kunja ubavu kidogo na kidole uangalie kama kuna nyufa.

Mbaya zaidi ni zile za kuchongwa. Tairi imeisha, iko karibu kipara, jamaa anachukua kisu ya moto anachonga mitaro upya, inakaa kama ina meno ya maana. Shida ni kwamba hajaongeza mpira, amepunguza. Sasa kati ya lami na nyaya za ndani kumebaki kangozi tu. Kuijua si ngumu. Ndani ya mitaro ya tairi kuna vijituta vidogo vimevuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, urefu wake ni milimita 1.6. Kwa bega la tairi utaona kapembetatu ama herufi TWI zikikuonyesha mahali viko. Meno ikishuka mpaka ilingane na hivyo vijituta, tairi imekwisha. Kwa tairi ya kuchongwa, vijituta vimekatwa, ama mtaro umezidi kina chao kwa njia ya kushangaza, na kingo za mtaro hazijanyooka kwa sababu zimechongwa na mkono ya msee si mashine. Pitisha kidole. Tairi mpya ya gari ndogo huwa na meno ya milimita saba hadi nane hivi, na mtaro wake uko laini chini.

Kama ni mtumba, usinunue ikiwa imeshafungwa kwa rimu na kujazwa upepo. Ndani ndio kuna siri: viraka, alama ya kusagika ilipotembea bila upepo, waya zimeanza kuchungulia. Na kiraka kwa ubavu ni hapana kubwa. Pancha inazibwa pale katikati mahali inakanyaga lami, ubavu haizibwi hata fundi akikuapia kwa jina la nyanya yake. Uvimbe pia, hata kama ni mdogo kama njegere, ina maana nyuzi za ndani zimekatika.

Kuna moja watu wengi hawajui, na hii inahusu sana gari zetu za kutoka Japani. Kule kuna barafu, na watu wana tairi zao za msimu wa baridi. Hizo gari zikishuka Mombasa, zingine zinakuja nazo, na pia zinauzwa kama mtumba safi. Utaona meno mob, kina kiko poa, unafikiria umeokota. Angalia ubavu kama imeandikwa STUDLESS, ama kuna mchoro wa mlima ulio na kichembe cha theluji ndani. Majina kama Blizzak ya Bridgestone na iceGUARD ya Yokohama ni ya hiyo familia. Si tairi mbaya, ni nzuri sana, lakini kwa baridi. Mpira wake ni laini ili isigande kwa barafu. Ukiileta kwa lami ya Mombasa Road saa saba mchana, inaisha haraka kama sabuni, na ukikanyaga breki gari inachukua muda zaidi kusimama. Kama uliletewa gari hivi juzi, enda nje sahii ukaangalie zako.

Saizi hiyo najua unajua, kwa hivyo nitapita mbio. Tuseme 195/65R15 91H, ile ya Premio nyingi. Upana ni milimita 195, urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya huo upana, rimu ni inchi 15. Watu husahau ile 91H. 91 ni mzigo: tairi moja inabeba kilo 615. H ni mwendo wa mwisho, kilomita 210 kwa saa. Muuzaji akikosa yako atakuambia "chukua hii ya 84, ni same tu." Si same, 84 ni kilo 500. Na kama ndai yako ni ya kubeba mzigo, tafuta ile iko na C ama LT, na usikubali ya gari ndogo eti kwa sababu imeingia kwa rimu. Saizi sahihi na presha zimeandikwa kwa kikaratasi kwa nguzo ya mlango wa dereva. Za Japani zinaandikwa kwa kPa, 220 ni kama 32 za pampu zetu.

Ile ya "hii ni ya Japani orijino" pia punguza kuamini mdomo. Jina la kampuni ni jina, mahali imetengenezwa imeandikwa kwa ubavu. Bridgestone nyingi hutoka Thailand, na hiyo haina shida yoyote, shida ni kukulipisha bei ya Japani. Za hapa kwetu hazipo tena, kiwanda cha Sameer Africa cha Nairobi kiliacha kutengeneza tairi 2016.

Ukishalipa bado hujamaliza. Kama umenunua mbili tu, fundi atataka kuziweka mbele. Mwambie aweke nyuma. Najua inaskika vibaya, lakini nyuma ikikosa gripu kwa mvua gari inazunguka na hutaweza kuirudisha, ya mbele ikiteleza bado unaweza kupunguza mwendo. Dai valvu mpya na balansi. Wakikuuzia naitrojeni kama ni maji ya uzima, kumbuka hewa ya kawaida tayari ni asilimia 78 naitrojeni. Alainmenti wakupe karatasi ya mashine, ya kabla na ya baada. Na kwa risiti waandike zile namba nne za kila tairi. Brathe yangu alirudi kwa ile duka na risiti imeandikwa "tyres 4" peke yake. Walimuangalia wakamwambia hawajawahi kuuza hiyo tairi.

Mwisho, wale wa barabarani. Uko kwa jam, msee anagonga kioo anakuonyesha gurudumu, ati linatoka. Usishuke pale. Funga vioo, sogea mos mos mpaka petroli stesheni uangalie mwenyewe. Na ukipata pancha ya ukweli, simama hapo hapo na fundi akitoa msumari, usiende kununua soda. Kuna wale wanaingia na msumari mmoja na wewe ukirudi unapata pancha nne, kila moja na bei yake. Mwambie amwage maji ya sabuni kwa tairi yote kabla aguse kitu, uhesabu mapovu naye.