Viungo vinapovimba na vipimo vikakosa jibu

MTU anapoamka vidole vikiwa vimevimba na kukakamaa kiasi cha kushindwa kufunga vifungo vya shati, hutarajia kwamba kipimo kimoja cha damu kitabainisha anaugua nini. Kwa maradhi ya viungo yanayosababishwa na hitilafu katika kinga ya mwili, matarajio hayo mara nyingi hayatimii. Wapo wagonjwa wanaozunguka kutoka kliniki moja hadi nyingine kwa miezi, na hata miaka, wakiwa na bahasha iliyojaa matokeo ya vipimo yasiyoafikiana.

Kuchelewa huko kuna gharama. Ugonjwa usipodhibitiwa hula gegedu na ncha za mifupa inayokutana katika kiungo, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa maradhi haya ukuta wenyewe haujengeki.

Kiswahili huyaita maradhi ya viungo vinavyouma na kukakamaa baridi yabisi, jina lenye maana ya ubaridi na ukavu. Jina hilo limewafanya wengi kuamini kwamba chanzo chake ni kulala sakafuni, kunyeshewa au kufua kwa maji baridi. Wagonjwa kadhaa husema baridi huwazidishia maumivu, lakini si baridi iletayo ugonjwa.

Aina inayozungumziwa hapa, ambayo madaktari huiita rumatoidi athraitisi, huanza pale kinga ya mwili inapokosea. Badala ya kupambana na viini vinavyotoka nje, hushambulia utando laini uliomo ndani ya kiungo, ule unaotoa ute wa kukilainisha. Utando huo huvimba, hunenepa na kuanza kumomonyoa gegedu. Vidole vya mikono, viwiko vya mikono na nyayo ndizo sehemu zinazoathiriwa kwanza kwa wengi, aghalabu pande zote mbili za mwili. Uchovu, upungufu wa damu na kukonda vyaweza kuandamana na maumivu hayo, na kwa baadhi ya wagonjwa macho, mapafu na moyo pia huathirika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 18 waliishi na ugonjwa huu ulimwenguni mwaka wa 2019, na takriban asilimia 70 yao walikuwa wanawake.

Mbona basi usitambuliwe upesi? Sababu ya kwanza ni kwamba hakuna kipimo kimoja kinachotoa hukumu. Kile kinachojulikana zaidi hutafuta kingamwili iitwayo rumatoidi fakta, ambayo mtafiti Erik Waaler wa Norway aliieleza mwaka wa 1940. Hupatikana kwa takriban wagonjwa saba au wanane kati ya kumi. Waliosalia wana ugonjwa ilhali kipimo kinasema hawana. Kwa upande mwingine, kingamwili hiyo hiyo yaweza kuonekana kwa mzee mwenye afya njema, au kwa mtu anayeugua kifua kikuu au homa ya ini aina ya C.

Kipimo cha baadaye, cha kingamwili za anti-CCP, hukosea mara chache zaidi kinaposema ugonjwa upo, lakini nacho huwapita wagonjwa wengi. Picha za eksirei nazo huenda zisionyeshe lolote katika miezi ya mwanzo, kwa sababu mifupa bado haijaliwa.

Sababu ya pili ni wingi wa maradhi yanayofanana. Lupasi, ambayo pia ni ugonjwa wa kinga ya mwili, huweza kuanza kwa maumivu ya viungo kabla ya dalili za ngozi au figo kujitokeza. Jongo, ambalo wengi hulijua kama gauti, huvimbisha viungo. Bruselosi, inayoambukizwa kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kwa kushughulikia mifugo iliyoambukizwa, huleta homa na maumivu ya viungo yanayodumu.

Kwa wakazi wa Pwani, kuna chikungunya. Jina lenyewe ni la Kimakonde na humaanisha kujikunja, kutokana na jinsi mgonjwa anavyopindwa na maumivu. Virusi hivyo vilitambuliwa kufuatia mlipuko wa mwaka wa 1952 kusini mwa Tanganyika, vikazuka Lamu mwaka wa 2004 na Mombasa mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Homa huisha kwa siku chache, lakini viungo vyaweza kuuma kwa miezi kadhaa, kwa namna inayokaribiana sana na rumatoidi athraitisi.

Kwa hiyo daktari hukusanya ushahidi kidogo kidogo. Mwongozo uliotolewa mwaka wa 2010 na vyama vya wataalamu wa Marekani na Ulaya hutoa alama kwa mambo manne: idadi na ukubwa wa viungo vilivyoathirika, kingamwili katika damu, vipimo vya uvimbe mwilini, na iwapo dalili zimedumu wiki sita au zaidi. Alama sita kati ya kumi huhesabiwa kuwa ni ugonjwa huu. Mwongozo huo uliundwa hasa kwa ajili ya kuteua wagonjwa wa kushirikishwa katika utafiti, na mtu mwenye alama nne leo anaweza kuwa na saba baada ya miezi mitatu.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Daktari anaposema bado hana jina la ugonjwa, mgonjwa hudhani ametupwa au hakuaminiwa. Kumbe huenda hilo ndilo jibu la kweli zaidi kwa wakati huo. Miongoni mwa wenye uvimbe wa viungo usiopambanuliwa, baadhi hupona bila kujua walichougua, wengine hubaki hivyo hivyo, na wengine hatimaye hubainika kuwa na rumatoidi athraitisi, lupasi au maradhi mengine.

Hata hivyo, kukosa jina si sababu ya kukosa matibabu. Wataalamu wa Ulaya wanapendekeza kwamba mtu aliye katika hatari ya kuwa na uvimbe wa kudumu aanzishiwe dawa za kudhibiti ugonjwa mapema, ikiwezekana ndani ya miezi mitatu, hata kama hajatimiza vigezo vyote.

Dawa kuu ni methotrekseti. Humezwa mara moja kwa wiki, wala si kila siku. Kuimeza kila siku kimakosa kumewahi kuua. Huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, huandamana na vidonge vya foliki asidi, huhitaji damu na ini kupimwa mara kwa mara, na haifai kabisa kwa mjamzito. Haidroksiklorokwini, iliyoanza kama dawa ya malaria, hutumika pia, na anayeitumia kwa miaka mingi hupaswa kukaguliwa macho.

Hatari kubwa zaidi imo katika vidonge vya steroidi vinavyonunuliwa dukani bila agizo la daktari. Uwezo wa dawa za jamii hiyo ulidhihirika mwaka wa 1948, daktari Philip Hench wa Marekani alipompa mgonjwa kotisoni na mgonjwa huyo akapata nafuu kwa siku chache. Hench na wenzake wawili walituzwa Nobel mwaka wa 1950, lakini madhara yalikuwa yameanza kuonekana: shinikizo la damu, kisukari, mifupa dhaifu na maambukizi. Daktari akiziagiza kwa muda mfupi zina faida. Mgonjwa akijinunulia, uvimbe hutoweka kabla ya kuchunguzwa, na utambuzi huzidi kuwa mgumu. Aliyezitumia kwa muda mrefu naye hapaswi kuziacha ghafla.

Nyumbani na kazini kuna mzigo mwingine. Ukakamavu wa viungo huwa mkali asubuhi, wakati mwingine kwa saa nzima au zaidi, kisha hupungua kadiri mtu anavyojisogeza. Muuza mboga asiyeweza kushika kisu alfajiri huonekana saa sita akihudumia wateja, na wanaomtazama humwita mvivu au mwenye kujifanya. Jamaa wanaoelewa mwenendo huo humsaidia zaidi kuliko wanaomtafutia mchawi.

Wataalamu wa maradhi haya ni wachache nchini na wengi wao wako Nairobi, hivyo kumbukumbu za mgonjwa mwenyewe zina thamani kubwa. Inafaa aandike daftarini viungo vilivyovimba na tarehe, ukakamavu ulidumu dakika ngapi na dawa alizomeza, apige picha za uvimbe kwa simu siku unapoonekana, na ahifadhi matokeo yote katika faili moja.

Jambo moja halisubiri daftari wala miadi. Kiungo kimoja kinapovimba ghafla, kikawa cha moto na mgonjwa akapata homa, anapaswa kufika hospitalini siku hiyo hiyo, kwa kuwa bakteria wakiingia humo wanaweza kukiharibu kwa siku chache.