Majengo ya Viwanda vya Mkonge Yanavyoweza Kuwa Karakana za Wajasiriamali

Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyonusurika safari ilikuwa 62 tu. Kutokana na mwanzo huo mdogo, mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa. Kamba za nailoni ziliposhusha bei ya zao hilo, uzalishaji uliporomoka hadi takriban tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Korona nyingi zilinyamaza, lakini maghala na vyumba vya brashi vilibaki vimesimama mashambani mkoani Tanga.

Wakati huohuo, mafundi seremala, wachomeleaji, washonaji na wasokota kamba vijijini hufanya kazi chini ya miti, na mvua ikinyesha kazi husimama. Majengo hayo yanaweza kuwafaa. Mapaa yake ya juu hutoa joto na vumbi, milango yake hupitisha mizigo mikubwa, na sakafu zake zilijengwa kubeba mitambo. Kuyakarabati huokoa saruji, pamoja na kuni ambazo zingechoma matofali mapya.

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha umiliki. Mengi ya majengo hayo yamo ndani ya mashamba yenye hati. Hivyo hakuna kikundi kinachopaswa kuingia bila idhini ya mmiliki iliyoandikwa.

Pili, mhandisi akague kuta, nguzo na kenchi. Paa likishukiwa kuwa la asbesto, lisikatwe wala kutobolewa, kwa kuwa vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Kuondolewa kwake ni kazi ya wataalamu.

Tatu, nafasi igawanywe kwa usalama. Uchomeleaji utengwe na singa pamoja na mbao, ambazo hushika moto upesi, na kila upande uwe na mlango wa dharura.

Nne, mkataba wa pango ueleze muda, kodi na nani atagharimia matengenezo. Fundi asiye na uhakika wa kubaki hana sababu ya kuziba paa linalovuja.

Vikundi vilivyosajiliwa vinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maelezo hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Wananchi wanahimizwa kutoa taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji wanapoona mabati au vyuma vya majengo hayo vikiuzwa kama chuma chakavu. Jengo lililoezuliwa hulowa, kuta hupasuka, na gharama ya kuliokoa hupanda kila masika.