Kutazama Si Kujifunza: Zana za Picha katika Somo la Kuandika Programu za Kompyuta

Katika masomo ya mbinu za kufundisha, mwalimu mwanafunzi huhimizwa tangu siku za mwanzo atumie zana, kwa kuwa mtoto hukielewa kitu anachokiona upesi kuliko kile anachoelezwa kwa maneno matupu. Kanuni hiyo ni njema, lakini ina mpaka wake. Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia: jicho hutazama kila kinachopita mbele yake, hata pale ambapo akili haihusiki. Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa kutumia somo ambalo bado ni geni katika shule nyingi za msingi, yaani kuandika programu za kompyuta.

Zana zenyewe

Programu ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza moja baada ya jingine. Ugumu wake kwa mtoto ni kwamba utekelezaji huo hauonekani. Maagizo huandikwa, jibu hutoka, na kilichotendeka katikati hubaki fumbo. Zana za picha zilibuniwa ili kulifumbua fumbo hilo.

Mwaka 1967, mjini Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Marekani, Wallace Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon waliibuni Logo, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa watoto. Baadaye iliongezewa “kobe”, kwanza chombo kilichotambaa sakafuni, kisha alama kwenye kioo cha kompyuta. Kobe huyo huchora mstari kila anapopita, na kwa hiyo kila agizo huacha alama yake. Mwaka 2007, Mitchel Resnick na wenzake katika chuo cha MIT walitoa Scratch, ambamo maagizo ni vipande vya rangi vinavyopachikwa kimoja chini ya kingine. Vipande visivyopatana havishikani, hivyo mtoto hakwamishwi na makosa ya tahajia. Scratch hutolewa bure, na maagizo yake yanaweza kusomwa kwa Kiswahili.

Kwa wanafunzi wakubwa, Ronald Baecker wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, alitoa mwaka 1981 filamu ya dakika 30 iitwayo Sorting Out Sorting. Filamu hiyo ilionyesha kwa picha njia mbalimbali ambazo kompyuta hutumia kupanga vitu kwa mfuatano. Baada yake zana za namna hiyo zilitengenezwa kwa wingi, kwa matumaini kwamba atakayeona ataelewa.

Matumaini hayo yalitimia kwa sehemu tu. Mwaka 2002 Christopher Hundhausen, Sarah Douglas na John Stasko waliyachambua majaribio 24 yaliyokwisha fanywa juu ya zana hizo. Waligundua kwamba anachokitenda mwanafunzi kwa zana kina uzito zaidi kuliko kile ambacho zana inamwonyesha. Majaribio hayo yaliwahusu hasa wanafunzi wa vyuo, lakini fundisho lake lamhusu kila mwalimu.

Ngazi za ushiriki

Mwaka huohuo, kundi la wataalamu lililoongozwa na Thomas Naps lilipendekeza ushiriki wa mwanafunzi upangwe katika ngazi sita:

1. Kutotumia picha kabisa.
2. Kutazama tu.
3. Kujibu maswali juu ya picha, hasa kutabiri kitakachofuata.
4. Kubadili, yaani kuipa programu namba nyingine na kuona tofauti.
5. Kuunda picha au programu yake mwenyewe.
6. Kuwasilisha kazi yake mbele ya wenzake na kuitetea.

Walimu wengi huishia ngazi ya pili bila kujua. Watoto hushangilia, kioo hung'aa, na mwalimu hutoka darasani ameridhika. Akiwapa zoezi kesho yake, hukuta hawana walichobaki nacho.

Mfano wa somo

Tuchukue Darasa la Sita. Mwalimu ameonyesha jinsi kobe anavyochora mraba: nenda mbele hatua 100, geuka kulia nyuzi 90, rudia mara 4. Sasa anataka pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa. Kabla ya kugusa kompyuta, kila mtoto aandike katika daftari lake nyuzi ambazo kobe atageuka. Wengi wataandika 60, kwa sababu wamekwisha kujifunza kwamba kila pembe ya umbo hilo ni nyuzi 60.

Agizo likitekelezwa mara 3, umbo halifungi. Hutokea nusu ya umbo lenye pande sita. Hapo ndipo somo linapoanza. Mwalimu asiseme jibu. Amwite mtoto mmoja atembee uwanjani kama kobe, na wenzake watazame mwili wake unageuka kiasi gani afikapo pembeni. Wataona kwamba kobe hageuki pembe ya ndani, bali hugeuka pembe ya nje, yaani 180 kutoa 60, ambayo ni 120. Katika mraba kosa hilo lilijificha, kwa kuwa pembe zote mbili ni 90. Kisha wajumlishe: 90 mara 4 ni 360, na 120 mara 3 ni 360. Mtoto aliyekosea kwa kuandika 60 ataikumbuka kanuni hii kuliko yule aliyetazama pembetatu ikichorwa na mwalimu.

Mambo ya kuzingatia

Shule yenye kompyuta moja inaweza kulifundisha somo hili, mradi utabiri uandikwe na kila mtoto. Kwenye kompyuta, wanafunzi wapokezane kipanya kila zoezi. Bila utaratibu huo, mtoto mmoja jasiri hutenda, na walio nyuma hurudi kuwa watazamaji. Aidha, mwalimu awe macho na mapambo. Mtoto anaweza kumaliza kipindi kizima akibadili rangi za paka wa Scratch, akafurahi sana, asijifunze lolote. Amwulize: “Ukiliondoa agizo hili, kitatokea nini?”

Hitimisho

Unapoandika andalio la somo, usitosheke kujaza nafasi ya zana kwa jina la zana. Andika pia kile ambacho mwanafunzi atatabiri, atabadili au ataunda. Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Kazi yetu haikomi katika kuwaonyesha watoto vyombo vinavyoelea. Tuwatie shokoa mkononi, nao waunde.