Ukinunua Nyumba Yenye Wapangaji

Leo twataka kunena juu ya jambo liletalo machozi katika miji yetu, nalo ni kodi ya nyumba ipandishwapo na mwenye nyumba mpya.

Tuseme ndugu mmoja amenunua ploti ya vyumba kumi huko Nakuru. Amekopa, na benki haingoji. Awakuta wapangaji wakilipa shilingi 4,000 kwa mwezi, na majirani 5,500. Je, ni dhambi kuongeza? Sivyo. Paa huvuja, choo hujaa, na deni ni deni. Lakini yatupasa kwanza kuuliza kwa nini kodi ilikuwa chini. Mara nyingi mzee aliyeuza alikuwa na mapatano ya mdomo: mama huyu hufagia uwanja na kufunga lango usiku, fundi yule alitia mabati kwa fedha zake. Hayo hayamo katika hati ya ploti, walakini ndiyo yaliyovijaza vyumba miaka yote.

Tena tufanye hesabu. Ukidai 5,500 mara moja, mpangaji akahama na chumba kikakaa miezi miwili bila mtu, mwaka huo utapata 55,000, na rangi hujanunua. Ukipandisha hadi 5,000 naye akakaa, utapata 60,000. Mwaka wa pili waweza kuongeza tena. Mzazi aliyekwisha kulipa karo ya muhula hana mahali pa kutoa 1,500 kwa juma moja, hata ukimfungia mlango. Na kufunga mlango, ndugu, si njia ya sheria.

Sheria yenyewe ipo. Kwa duka au hoteli yenye upangaji usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, Sura ya 301 yataka notisi ya maandishi, katika fomu iliyowekwa, isiyopungua miezi miwili. Na mpangaji asiyekubali aweza kwenda kwa Baraza. Kwa nyumba za kukaa ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500, Sura ya 296 yaweka Baraza liamualo kodi. Zaidi ya hapo mapatano yenu hupewa uzito, basi yasomeni.

Katika Nehemia sura ya 5 kilio kilikuwa cha ndugu juu ya ndugu zao, wala si juu ya wageni. Nasi makanisani mwenye ploti na mpangaji wake huketi benchi moja.

Kabla ya kulipa bei, mwombe muuzaji orodha ya wapangaji, kodi ya kila mmoja, na dipoziti alizozishika. Dipoziti hizo zikatwe katika bei, maana siku ya kuhama watakudai wewe. Kisha pita mlango kwa mlango ujitambulishe. Barua ya nyongeza itaje kodi ya sasa, kodi mpya, tarehe ya kuanza, na mahali pa kulipia. Nawe umwachie mpangaji nakala yake.