Joto Lililotangulia Moto

Jumamosi ya tarehe 7 Februari 2009, katika jimbo la Victoria kusini mashariki mwa Australia, moto wa nyika uliua watu 173 na kuteketeza nyumba zaidi ya 2,000. Siku hiyo inaitwa Jumamosi Nyeusi. Inakumbukwa kila mwaka, na iliundiwa Tume ya Kifalme iliyokusanya ushahidi kwa zaidi ya mwaka mzima. Lakini wiki moja kabla yake, kati ya 26 Januari na 1 Februari, walifariki watu 980 katika jimbo hilohilo, ilhali wastani wa wiki kama hiyo katika miaka mitano iliyotangulia ulikuwa vifo 606. Tofauti ni watu 374. Haukuwa ugonjwa mpya wala ajali kubwa. Lilikuwa joto: siku tatu mfululizo, tarehe 28 hadi 30 Januari, vipimo vya Melbourne vilivuka nyuzi 43. Joto liliua zaidi ya mara mbili ya idadi iliyouawa na moto, tena bila king'ora, na waliokufa hawana siku yao ya kukumbukwa. Naviweka vifo hivi pamoja kwa sababu msiba wake ni mmoja. Hali ya hewa iliyokausha miili ya wazee vyumbani ndiyo iliyokausha majani porini, na kote kuwili aliyepona alipona kwa mambo yaliyofanywa, au yaliyoachwa bila kufanywa, siku nyingi kabla ya zebaki kupanda.

Tuanze na joto, maana ndilo linalodharauliwa. Mwili wa binadamu hujilinda ubaki karibu na nyuzi 37. Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, joto la ndani hutoka lenyewe. Hewa ikishafikia nyuzi 35 au zaidi, njia hiyo hufungwa, na inabaki moja tu: jasho kukauka juu ya ngozi, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji kwa unyevu unaovuja na kukauka nje yake. Moyo hulazimika kusukuma damu nyingi hadi kwenye ngozi, na maji yanayopotea lazima yarudishwe. Kijana mzima hulimudu hilo kwa saa kadhaa. Mzee wa miaka 80 yuko katika hali nyingine kabisa. Kiu yake imepungua kwa umri, kwa hiyo hanywi maji hadi awe ameshachelewa. Moyo wake umechoka. Pengine anameza dawa za shinikizo la damu ambazo kazi yake ni kumtoa maji mwilini. Amefunga madirisha kwa kuhofia wezi, na kuta za matofali zilizoota jua mchana kutwa zinamrudishia joto hilo usiku, saa ambazo mwili ulipaswa kupumzika. Siku ya kwanza anachoka, siku ya pili hali chakula, siku ya tatu anaanza kuchanganyikiwa na hata simu hawezi kuipiga. Joto la mwili likifika nyuzi 40 na akili ikavurugika, hicho ni kiharusi cha joto, na kila dakika ina thamani. Itwe gari la wagonjwa, lakini mgonjwa asingojee kupozwa hadi lifike: apelekwe kivulini, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji na apepewe, awekewe barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena kama ipo. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, na vidonge vya kushusha homa havimsaidii, kwa kuwa hiyo si homa.

Wapo wanaosema kwamba wazee hao walikuwa karibu na kaburi, joto likawatanguliza kwa siku chache tu. Hoja hii ina kipimo chake. Kama ingekuwa kweli, vifo vingepungua katika wiki na miezi inayofuata, kwa kuwa waliokuwa wafe wakati huo wangekuwa wameshakufa. Ufaransa ilikuwa na nafasi ya kulipima jambo hilo baada ya kiangazi cha 2003, ambapo joto la Agosti liliua watu wapatao 15,000, na watafiti waliofuatilia hesabu hawakuona upungufu wa baadaye unaokaribia kufidia idadi hiyo. Wengi wa waliokufa walikuwa na miaka ya kuishi mbele yao. Wengine husema dawa ni kiyoyozi. Kiyoyozi huokoa, hilo halina ubishi, lakini jioni ya 30 Januari 2009 mtandao wa umeme wa Victoria ulizidiwa na nyumba zisizo na idadi jijini Melbourne zikabaki gizani, huku reli zilizopinda kwa joto zikikwamisha treni. Kinga inayotegemea waya mmoja hukatika siku ileile inapohitajika. Ya uhakika zaidi ni ya kawaida mno: mapazia yafungwe kabla jua halijagonga dirisha, maji yanywewe bila kungoja kiu, mtu ajue ni jengo gani la karibu lenye ubaridi anaweza kukaa mchana, na awepo jirani mwenye orodha ya wanaoishi peke yao, anayebisha hodi asubuhi na jioni. Feni nayo ina kikomo. Shirika la Afya Duniani linashauri itumike hewa ikiwa chini ya nyuzi 40 tu, kwani juu ya hapo inampulizia mtu joto badala ya kumpoza.

Wakati wazee walipokuwa wakifia vyumbani, misitu nayo ilikuwa inakauka. Tarehe 7 Februari Melbourne ilifikia nyuzi 46.4, rekodi ya jiji hilo, na upepo mkavu ulivuma kwa nguvu kutoka jangwani. Hakuna anayeweza kusema watu hawakuonywa: siku moja kabla, kiongozi wa serikali ya jimbo, John Brumby, aliwaambia wananchi waziwazi kwamba siku mbaya kupita kiasi inakuja. Muda mfupi kabla ya saa sita mchana, waya mkongwe wa umeme ulikatika huko Kilmore East. Moto ulioanzia hapo ndio ulioua watu 119 kati ya wale 173, na Tume ilibaini kwamba mioto mitano kati ya 11 mikubwa ya siku hiyo ilitokana na hitilafu za vifaa vya umeme. Kwa saa nyingi upepo wa kaskazini magharibi uliunyoosha moto ukawa ukanda mrefu mwembamba, wenye kichwa kidogo na ubavu wa makumi ya kilomita. Jioni upepo ukageuka ukavuma kutoka kusini magharibi. Ubavu wote ukawa kichwa. Watu wa mji mdogo wa Kinglake, waliokuwa wameuona moto ukipita kando, waliuona sasa ukiwajia ukiwa na upana usiozimika kwa mashine yoyote.

Hapa hutokea pingamizi zito kuliko yote: moto wa namna hiyo unazuilika vipi? Ukiwa umeshawaka, hauzuiliki. Lakini nyumba nyingi hazikuunguzwa na ukuta wa miali unaoonekana kwenye picha. Ziliunguzwa na cheche. Magamba ya mikaratusi huchanika yakiwa yanawaka, yakapaishwa na upepo na kuanguka mbele ya moto. Siku ile mengine yalianzisha moto mpya zaidi ya kilomita 30 mbele. Cheche haitafuti msitu. Inatafuta mfereji wa paa uliojaa majani makavu, tundu chini ya vigae linaloingia darini, kuni zilizopangwa kuegemea ukuta, zulia la mlangoni, kichaka kilichopandwa chini ya dirisha kwa ajili ya urembo. Ikitua penye kimojawapo, nyumba inaweza kuungua saa moja au mbili baada ya moto wenyewe kupita, kama hakuna wa kuimwagia ndoo ya maji. Watafiti waliolinganisha nyumba zilizoungua siku ile na zilizopona waligundua kwamba kusafisha miti na vichaka ndani ya mita 40 kutoka kwenye nyumba kulisaidia kuliko kuchoma nyasi na vichaka mbali msituni. Kazi ya mita 40 inafanyika kwa panga, reki na ngazi, mwezi mmoja au miwili kabla ya kiangazi kukolea.

Matokeo hayo hayakupokewa kirahisi. Tume ilikuwa imependekeza kila mwaka ichomwe kwa mpango angalau asilimia 5 ya ardhi ya umma, na kwa miaka kadhaa serikali ya jimbo ikafukuzia idadi ya hekta. Kosa likajitokeza: hekta rahisi kuchoma ni zile za mbali, ambako hakuna nyumba, na kila moja ilihesabiwa sawa na hekta iliyopakana na kijiji. Mwaka 2015 lengo hilo liliachwa, kikawekwa kipimo cha hatari iliyopunguzwa kwa watu na mali. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi, ingawa ulilaumiwa kama kulegeza kamba. Hesabu inayompendeza waziri bungeni si lazima iwe ndiyo inayomlinda bibi mwenye nyumba ya mbao kando ya msitu.

Kuna jambo jingine lililobadilishwa na vifo vile. Hadi 2009 wakazi walishauriwa wachague: ama waandae nyumba zao na kubaki kuzilinda, ama waondoke mapema. Ushauri huo ulikuwa na msingi, kwa sababu wengi katika mioto ya zamani walikufa wakikimbia dakika za mwisho, barabarani, ndani ya moshi. Lakini siku ile watu 113 walifia ndani ya nyumba. Kumbe wengi hawakuwa wamechagua lolote. Walingojea waone, na kungoja kukawa ndiyo uamuzi wao. Tume ilikuta pia kwamba asilimia 44 ya waliokufa walikuwa watoto chini ya miaka 12, wazee waliovuka 70, au watu wenye maradhi na ulemavu. Soma takwimu hiyo ukiikumbuka ile ya joto, ambapo waliokufa wengi walikuwa na miaka 75 na zaidi. Ni watu walewale. Kumwambia mtu asiyeweza kupanda ngazi wala kuendesha gari kwamba achague kati ya kupigana na kuondoka ni kumwachia mzigo wa jirani yake. Tangu hapo kiwango cha juu kabisa cha hatari kina maelekezo ya wazi: katika siku za namna hiyo kuondoka mapema ndiyo salama, usiku uliotangulia au asubuhi, kabla hujaona hata moshi.

Msomaji wa Iringa au Nandi anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Mkaratusi wenyewe uko kwetu kwa zaidi ya karne. Kenya uliletwa mwaka 1902 ili upatikane kuni za reli, na leo umezunguka mashule na mashamba, magamba yake yakilala chini miezi yote ya kiangazi. Misitu yetu ya miombo ni tofauti na ya Victoria, kwa kuwa huungua karibu kila mwaka na mingi ya mioto hiyo inawashwa na watu: wasafisha mashamba, warina asali, wafugaji wanaotaka majani mabichi. Kupiga marufuku kila moto hakujawahi kufanikiwa na hakutafanikiwa. Kinachofaa ni wakati. Nyasi zikichomwa Mei au Juni, zikiwa na ubichi kidogo na umande wa jioni, moto hutambaa chini na kujizimia usiku, ukiacha viraka vyeusi ambavyo moto wa Septemba hauwezi kuvuka. Nyasi hizohizo zikingojewa hadi Septemba, moto hupanda mitini na kuua miche. Mlima Kilimanjaro uliungua Oktoba 2020, mwezi wa ukame, na mamia ya watu walipanda kwa siku nyingi kuuzima kwa matawi na majembe. Na kuhusu joto, mwambao una hatari yake: Mombasa na Dar es Salaam hazifikii nyuzi 46, lakini hewa yenye unyevu mwingi hailikaushi jasho, na chumba cha bati kisicho na dari hubaki tanuri hadi usiku. Oman, ambako Waswahili wengi wanaishi na kufanya kazi, kazi za juani zimekatazwa kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana kuanzia Juni hadi Agosti, bila kungoja mfanyakazi aanguke.

Victoria ilipewa mtihani wa pili Januari 2014. Melbourne ilipata siku nne mfululizo zilizovuka nyuzi 41, siku moja zaidi ya zile za 2009. Safari hii palikuwa na mfumo wa tahadhari ya joto kwa jimbo zima, na halmashauri zilikuwa na mipango ya kuwafuatilia wazee. Vifo vya ziada vilikuwa 167, chini ya nusu ya vile vya awali. Sidai kwamba tofauti yote inatokana na mipango hiyo, kwa sababu hakuna mawimbi mawili ya joto yanayolingana kila kitu. Lakini 167 ni karibu sawa na waliouawa na moto wa Jumamosi Nyeusi, na hakuna tume iliyoundwa kuuliza kila mmoja wao alikuwa anakaa na nani, maji yake yalikuwa umbali gani, na nani mara ya mwisho alibisha hodi mlangoni kwake.