Zile Namba Chini ya Hundi: Zisome Kabla Hujatoa Mzigo

Najua wengi wetu tunaishi na M-Pesa. Mteja anaagiza, analipa, meseji inaingia, boda anaondoka na mzigo. Lakini ukianza kuuzia shule, kanisa, chama au kampuni, siku moja utaletewa hundi, au cheki kama wengi tunavyoiita. Mimi nauza sare na mashuka mtandaoni hapa Kenya, na karibu kila muhula napokea hundi kadhaa. Leo nataka tuisome pamoja ile safu ya namba zenye maumbo ya ajabu pale chini.

Zile namba zimechapishwa kwa wino wenye chembe za sumaku, ili mashine ya benki izisome haraka bila kukosea. Zimegawanyika hivi:

1. Namba ya hundi yenyewe. Hii pia imechapishwa sehemu ya juu ya hundi. Namba ya juu na ya chini lazima zifanane.

2. Namba ya benki, tarakimu mbili. Kila benki ina yake. Baadhi ni hizi: KCB ni 01, Standard Chartered ni 02, Absa ni 03, NCBA ni 07, Co-operative ni 11, National Bank ni 12, I&M ni 57, DTB ni 63, Equity ni 68 na Family ni 70.

3. Namba ya tawi, tarakimu tatu. Hizi hukaa pamoja na namba ya benki. Ukiona tarakimu tano zinazoanza na 68, hiyo ni hundi ya Equity, na tatu zinazobaki zinataja tawi.

4. Namba ya akaunti ya yule anayekulipa. Sio yako, ni yake.

Sasa utaniuliza, hizi zinanisaidia nini mimi muuza nguo?

Zinasaidia sana. Kuna mnunuzi aliwahi kunitafuta Ijumaa jioni. Alitaka mashuka ya hosteli, oda kubwa, na mzigo utoke usiku huo huo. Akanitumia picha ya hundi na slipu ya benki yenye muhuri, kuonyesha ameshaniwekea. Nikaikuza picha. Juu kulikuwa na jina na nembo ya benki moja, lakini namba ya benki pale chini ilikuwa ya benki nyingine kabisa. Nikamjibu kwa adabu kwamba mzigo uko tayari na utatoka pesa zikishaiva. Akasema ana haraka, atatafuta kwingine. Sikumsikia tena.

Mtu wa kughushi anaweza kunakili nembo vizuri sana, kwa sababu nembo ndiyo watu huangalia. Zile namba wengi hawazitazami, kwa hivyo hapo ndipo makosa yake hujificha. Kulinganisha jina la benki na namba yake hakukuchukui hata dakika.

LAKINI sikiliza hapa vizuri. Namba zikilingana, hiyo haimaanishi pesa ipo. Namba zinakuambia hundi inatoka benki gani, tawi gani na akaunti gani. Hazikuambii kama akaunti hiyo ina shilingi hata moja. Hundi halali kabisa inaweza kurudi kwa sababu akaunti ni tupu, sahihi hailingani, au mwenyewe ameizuia isilipwe.

Kwa hivyo tofautisha mambo mawili kwenye akaunti yako. Kuna salio linaloonekana, na kuna salio unaloweza kutoa. Ukiweka hundi, kiasi chake kinaweza kuonekana mapema wakati bado hakijaiva. Kwa kawaida hundi ya benki nyingine huchukua siku moja au mbili za kazi. Tangu mwaka wa 2011 benki za Kenya hutumiana picha ya hundi badala ya kusafirisha karatasi, ndiyo maana siku zimepungua. Lakini Jumamosi na Jumapili hazihesabiki. Hundi ya Ijumaa jioni subiri hadi Jumatatu au Jumanne. Walaghai wanaijua hii kalenda kuliko sisi.

Kuna mtego mwingine. Mtu anaagiza vitu vya Sh40,000, analeta hundi ya Sh65,000. Anasema mhasibu amekosea, tafadhali mrudishie Sh25,000 kwa M-Pesa. Ukituma, hundi inarudi baada ya siku mbili na zile Sh25,000 zimetoka mfukoni mwako. Ikiwa pesa imezidi, mwambie aandike hundi nyingine yenye kiasi sahihi. Usirudishe chochote kabla benki haijathibitisha kwamba pesa imeingia.

Ukipokea hundi mkononi, pitia haya:

- Tarehe. Hundi iliyopita miezi 6 benki haitailipa. Ya tarehe ya mbele nayo si pesa bado, ni ahadi tu.
- Kiasi kwa maneno na kwa tarakimu, vifanane.
- Jina lako au la biashara, liandikwe kama lilivyo kwenye akaunti yako.
- Ikiwa imefutwafutwa au kukatwakatwa, omba nyingine.
- Kiasi kisizidi Sh1 milioni. Tangu 2009 hundi kubwa kuliko hapo haipiti kati ya benki na benki. Pesa kama hizo hutumwa kwa RTGS.
- Usipige stepla, usikunje wala kugonga muhuri kwenye zile namba za chini. Mashine ikishindwa kuzisoma, malipo yako yanachelewa.

Kisheria, kuandika hundi isiyo na pesa ni kosa. Kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu kinasema faini isiyozidi Sh50,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini kosa hilo la pesa kutotosha haligusi hundi ya tarehe ya mbele. Na hata mtu akishtakiwa, mashuka yako yameshaenda. Ulinzi wako wa kwanza ni kutotoa mzigo mapema.

Jambo la mwisho, linahusu namba zako wewe. Wateja wengine watakuomba namba ya benki na ya tawi ili wakulipe kwa EFT. Hapo watu huchanganya sana. Namba ya benki sio Paybill. Equity Paybill yake ni 247247, KCB ni 522522, Co-operative ni 400200. Hizo ni za kuweka pesa kutoka M-Pesa. Pia namba ya benki sio SWIFT. SWIFT ni ya malipo kutoka nje ya nchi, na ina herufi nane au kumi na moja, mfano KCBLKENX ya KCB, ambapo KE ni Kenya. Ukimpa mhasibu namba ya tawi isiyo sahihi, malipo yanaweza kurudi alikotoka na wewe ukae wiki nzima ukisubiri. Ulizia tawini kwako mara moja, andika zote kwenye simu, uwe unazinakili tu.

Hundi sio adui. Wateja wakubwa wengi bado hulipa kwa hundi, na ukizikataa zote unafunga mlango wa oda kubwa. Soma namba, linganisha na jina la benki, peleka benki, subiri iive, ndipo boda aondoke.

Hifadhi hii kwenye simu, na umtumie mwenzako ambaye ameanza kuuzia shule au ofisi.